Honi Mbili

Duka lenyewe liko Mawaleh, nyuma ya pampu ya mafuta,
kati ya dobi na fundi wa matairi:
mlango wa kioo, kaunta ya saruji tupu
(ndio mtindo, wanasema; mume wangu alidhani ujenzi haujesha).
Miezi saba nilikunywa kahawa yao
bila kuijua harufu ya ndani.
Sisi hapa hatushuki garini.
Unasimama, unapiga honi,
mtu anatoka.

Mtu huyo kwangu alikuwa aproni nyeusi na mkono.
Mkono unapokea riyali mbili, unarudisha baisa mia mbili,
unanipa kikombe kilichoandikwa Salma.
Mie siitwi Salma. Naitwa Thuwaiba.
Sikumsahihisha hata siku moja;
kumsahihisha mtu sharti kwanza umtazame.

Mwezi wa saba kiyoyozi cha gari kikafa.
Digrii arubaini na saba, usukani haushikiki.
Nikaingia.

Baridi ya kuvalia koti. Vijana wawili wa chuo,
kompyuta mbili, kikombe kimoja tangu asubuhi.
Bwana mmoja, kanzu imenyooka kama karatasi,
anapiga picha kahawa yake mpaka povu limelala.
Juu ya kaunta kadi ndogo: Kimilili, Kenya.
Utasikia ukwaju, chungwa, asali mbichi.
Nikaonja. Nikasikia uchachu, kama uji wa jana.
Nikawa natafuta maneno ya kuirudisha

na hapo nje, honi. Tena. Tena.
Mwenye aproni akalitua birika lake lenye mdomo wa korongo,
maji yamepimwa kwa mizani, sekunde zinamkimbia,
akasema, polepole, akiiambia kahawa:
"Lia tu, ng'ombe wewe. Ndama wako nimemfunga huku."

Mie niliyelelewa na bibi wa Mfenesini,
aliyekuwa akisali kwa Kiarabu
na kutukana kwa Kiswahili,
nikacheka, kahawa ikanitokea puani.

Akaganda.
"Mama, kumbe unaskia Kiswahili?"
"Nasikia. Na huyo ng'ombe ni shemeji yangu."

Jina lake Nekesa, mzaliwa wa msimu wa mavuno.
Mavuno ya nini? Akaigusa ile kadi kwa kidole.
Baba yake ana mibuni mia mbili na kitu mlimani huko.
"Basi wewe ndiye wa kuniambia. Huo ukwaju uko wapi?"
"Sijui, mama. Sisi nyumbani tulikunywa chai.
Kahawa ilikuwa karo ya shule."

Nikawa nashuka.
Kikombe kikaandikwa Thuwaiba, na ile th imekaa sawa.
Akanifundisha kungoja: iache ipoe, usiikimbilie,
na kweli, wallahi, ilipokaribia kuwa baridi
ukwaju ukaja, nyuma ya ulimi,
kama mgeni aliyebisha hodi muda mrefu.
Nilimpelekea tende za khalas. Akasema tamu mno, akala saba.
Siku moja aliniuliza tiketi ya Nairobi ya Disemba ni kiasi gani.
Nikasema nitamtazamia.
Hakuniuliza tena.

Juzi nimechelewa. Kiyoyozi kimetengenezwa,
mwanangu ana homa kiti cha nyuma, simu inalia,
vumbi limeufanya mchana kuwa rangi ya ngamia.
Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.
Honi mbili.

Akatoka, kitambaa cha kufutia mashine bado begani.
Akainama dirishani. Akaniona.
Sijui alingoja nini; mie nilikuwa natafuta pochi.
Akaenda, akarudi.
Riyali mbili. Baisa mia mbili.
"Shukran, madam,"
sauti safi, ile ile wanayopewa wote.

Nilifika kwenye taa za barabarani
ndipo nikakigeuza kikombe.
Salma.
Nikakinywa hivyo hivyo, cha moto,
kikaniunguza ulimi.