Chini ya Bei Kuna Bei

Rosario, mwaka wa themanini na tisa.
Nilipewa bastola ya plastiki na rola ya vibandiko,
nikaambiwa: anza na mchele, maliza na sabuni,
ukimaliza, anza tena.

Haikuua mtu, bastola ile. Ilisema tak. Tak.
Na kila iliposema, mtu kwenye foleni aligeuka
kama aliyeitwa kwa jina.

Don Egidio, mwenye duka, hakuwa mtu mbaya.
Simu haikumtoka sikioni tangu alfajiri:
muuza unga amepandisha,
muuza mafuta hataki hata kutaja.
Nyama akaihamishia nyuma, karibu na mlango wa stoo;
wasipoiona haitawauma, alisema.
Mbele akapanga tambi, mlima wa tambi,
na juu yake bango la njano: BEI YA LEO.
Hakuna aliyeuliza leo ya saa ngapi.

Sosi ya nyanya yenye picha ya bibi anayecheka
ilikaa rafuni hadi bibi akajaa vumbi usoni.
Watu walichukua kopo lisilo na jina.
Mayai tuliuza mojamoja, kama sigara.
Mtaani kwetu majani ya yerba yalianikwa juani
juu ya gazeti, yapate kunywewa mara ya pili,
na gazeti lenyewe likisema hali inatulia.

Alikuwepo Bi Bragagnolo, fundi cherehani,
kucha ya kidole gumba ameiacha ndefu makusudi.
Anakwangua kibandiko, chini yake kingine,
chini yake kingine, kama anayemenya kitunguu,
na macho, kweli, yanamtoka machozi.
Akiifikia bei ya Jumanne anagonga kaunta:
"Hii ndiyo ninayoijua mimi. Nalipa hii."
Keshia Mirta anatazama dari.

Siku ya mshahara nilimkuta mama kwenye tambi.
Alikuwa amekimbia; vifungo vya koti vimekosea matundu.
Noti zangu, nilizompa saa sita getini,
amezifumbata ngumini kama kifaranga.
Nami nimefika na bastola, pakiti ziko mikononi mwake.
Hakusema mwanangu. Akaninyooshea:
"Fanya kazi yako."

Rola imenasa, nikamwambia.
Nikaifungua, nikaipuliza, nikaigonga gotini,
yeye akitembea bila haraka, kama tajiri,
kuelekea kwa Mirta.
Pakiti nne. Bei ya asubuhi.

Don Egidio aliona. Akaja, akaichukua bastola,
akaijaribu kwenye kiganja chake mwenyewe.
Tak.
Akaitazama ile namba iliyong'ang'ania ngozi,
akasema, "Hii nayo imeshapitwa,"
akanirudishia.

Usiku tulikula tambi bila sosi.
Mama alikuwa amevibandua vibandiko vyote vinne,
taratibu, visichanike,
akavipanga mstari ubavuni mwa friji.
"Viache hapo," alisema. "Wiki ijayo tutavitamani."