Daftari la Baba

Baba alistaafu kazi ya kuyavisha mahindi mifuko ya kaki.
Miaka ishirini na sita, kituo cha utafiti, Kakamega,
kibanio mfukoni, chavua kwenye nyusi,
akiozesha mahindi ya serikali
kama mshenga asiyealikwa harusini.

Aliporudi Mudete, chini ya mwamba unaoegemea boma letu,
alikuta robo eka
na mabinti wanne jikoni.
"Wanne," aliwaambia wageni,
kisha kimya kile cha kanisa la Marafiki,
kimya kinachosubiri mtu mwingine asimame.

Nyuma ya choo, kati ya migomba,
akapanda alichokiita mboga ya utafiti.
Mama aliiita bangi,
akafunga dirisha la upande ule kwa misumari.

Kila alfajiri alikagua vifundo
kwa miwani yenye mguu mmoja.
Akiona vijifuko vinaning'inia, aling'oa.
"Dume! Kazi yake kula samadi na kuharibu wenzake."
Lakini akiona nyuzi mbili nyeupe, nyembamba
kama masharubu ya paka mchanga,
aliita mpaka kwa kina Aligula wasikie:
"Jike! Mungu ni mwema, jike!"

Nilikuwa ninaosha vyombo. Nikafunga mfereji.
Miaka kumi na tisa,
na sikuwahi kulisikia neno hilo
likitoka kinywani mwake limevaa nguo za Krismasi.

Alhamisi, saa nane, wakaja:
naibu wa chifu na askari wawili.
Waling'oa jike kwa dume, na mnavu wa mama pia,
wakashindilia kwenye gunia la majani chai.
Konstebo kijana akafungua daftari.
"Kageha ni nani? Imeandikwa: mfupi, mkali, ananukia limau.
Na huyu Imali? Huchelewa, ila akianza hana breki.
Vihenda: ameozwa dume la Busia, tungoje wiki sita."

Dada Vihenda, mwalimu wa shule ya Jumapili,
alikaa chini, pale pale kwenye matope.

"Mzee, wauzaji wako wote ni wanawake?"
Baba akavua kofia.
"Ni mabinti zangu," akasema,
na sauti yake, kwa mara ya kwanza,
haikushuka mwishoni.

Tulicheka baadaye, sana baadaye.
Siku tisa korokoroni; faini ikala ng'ombe na ndama wake.
Mama alimpakulia chakula bila neno
mpaka viazi vya pale nyuma ya choo vilipokomaa,
vikubwa ajabu, na hakuna aliyeuliza
udongo ule ulilishwa nini.

Daftari lilibaki mahakamani, kielelezo namba mbili.
Ukurasa wangu konstebo hakuufikia, mvua ilimfukuza.
Mimi nilikuwa nimeusoma zamani,
siku niliyokuwa nikitafuta kalamu:

*Mmbone. Shina jembamba. Mvua ya mawe ya Aprili
iliwalaza wote; huyu aliamka asubuhi.
Hana harufu ya kusifiwa.
Mbegu itunzwe.*

Na chini kabisa, kwa penseli,
maneno yaliyofutwa nusu, kisha yakakolezwa tena:
*Asiozwe haraka.*