Likizo ya Mpiga Pasipoti

Miaka kumi na tisa nyuma ya stendi,
pazia la buluu, kiti kisicho na mgongo:
"Kaa wima. Masikio yaonekane. Usicheke."
Na watu hutii. Hata mkuu wa shule hutii.

Mwezi wa tano nikafunga kofuli siku nne,
nikaenda Bahi kwa wifi yangu Nyemo,
kamera ndani ya khanga, khanga ndani ya ndoo,
nikijisemea: safari hii nitawapiga
wasio na shida ya kitambulisho.

Alfajiri ya kwanza, digidigi.
Mguu mmoja juu, pua inacheza,
mwembamba kama herufi ya mtoto anayeogopa kumaliza wino.
Nikasema, mazoea ni shetani, "Kaa wima."
Picha ninayo. Kichaka kinatikisika.
Ni picha nzuri sana ya kichaka.

Hondohondo alinipa mgongo.
Kanga walipita kwa mstari, kumi na mmoja,
kama akina mama wanaowahi kikao cha kikoba;
ninao wote, kichwa hakuna hata kimoja.
Nguchiro: mkia.
Nguchiro wa pili: shimo.

Heroe walikuwa mbali, kwenye maji yaliyobaki kina cha kiganja,
ungedhani ni nguo za harusi zimeanikwa.
Nikawafuata, magadi yakivunjika chini ya kandambili,
kila hatua yangu na wao hatua,
bila haraka, bila hasira,
kama mdeni mstaarabu aliyekuona tangu kona ile.

Ni pimbi tu.
Pimbi alikaa juu ya jiwe lake, jua likimpiga shavuni,
uso mbele, masikio yote mawili, hakucheka.
Nilipiga moja, ikatosha.
Afisa yeyote angemgongea muhuri.

Siku ya tatu nilipanda dunguni kwa Mbeleje,
mtoto wa marehemu kaka yangu,
sauti imemkauka kwa kuamia, teo begani.
Chini yetu uwele umeinamisha vichwa.
Kisha magharibi pakafuka moshi,
moshi ukageuka, ukajikunja, ukafunguka:
kweleakwelea, elfu juu ya elfu,
shuka moja inayokung'utwa na mikono usiyoiona.
Na mimi, mjinga wa mjini, nikasema, Ee Mungu, uzuri gani huu.
Kidole kishafika kwenye kitufe.

"Shangazi," akasema Mbeleje, jiwe tayari ndani ya teo,
"hao usiwapige picha. Watadhani wamealikwa."

Akazungusha. Teo likalia.
Akapiga, nami nikapiga,
na lile kundi likapasuka katikati kama kaniki kuukuu.
Shambani kwa chini, wifi alikuwa akihesabu kwa midomo, bila sauti.
Magunia, au ada. Sikuuliza.

Usiku, baada ya ugali na mlenda,
kamera ikapita mkono kwa mkono.
Kichaka walikicheka mpaka machozi.
Pimbi wakampa heshima yake.
Ile ya ndege wifi aliishika muda mrefu,
mwanga wa kioo ukimkaa usoni.
"Hapa," akasema, akigusa tobo jeupe katika lile giza,
"hapa ndipo jiwe la mwanangu lilipopita."

Asubuhi ya kuondoka nikamkalisha Mbeleje mbele ya tembe.
Alikaa wima kabla sijamwambia,
amenawa uso, amefunga vifungo mpaka shingoni.
Nilikuwa nafungua mdomo kusema usicheke
ndege watatu wakatua nyuma yake, juu ya paa la udongo,
naye akageuka.

Ninayo hiyo.
Kisogo, mkono ulionyooka,
kola imekaa upande.
Nimeibandika dukani, juu ya pazia la buluu.
Wateja huuliza ni ya nani, mbona sura haionekani.
Nawaambia kaa wima.