Daftari la Zamu

Tukuyu. Mvua haijakata tangu juzi.
Bibi Tusekile ana alama nne mkononi,
ya tano kwa ndani, pana, ya dole gumba.
Daftari la zamu linasema: ameanguka.

Sakafu haina vidole.

Namvika sweta, mkono unaouma kwanza,
namwomba ruhusa kwa kila kifungo.
"Ndaga," anasema, jicho lake mlangoni.

Mwakalukwa ni mwenzangu.
Januari alinikopesha ada ya mtoto.
Kesho usiku zamu ni yake.

Nachukua kalamu. Chini ya "ameanguka"
naandika saa, mkono upi, vidole vitano,
kisha jina langu, lote, lisomeke.

Saa tisa usiku nagonga kwa matroni.
Kimya. Mvua kwenye bati.
Nagonga tena.