Mizani ya Dagoretti

Mtu akikuuliza kama Dagoretti ni mji au ni mtaa,
mwambie ni soko lililosahau kwenda nyumbani jua lilipotua.
Jiji limetukuta hapa. Sisi hatukulifuata.

Kabla ya reli, Nairobi ikiwa bado tope na vyura,
wapagazi walipita hapa na matumbo matupu.
Wanawake wakawauzia njahi na viazi vikuu,
kibaba kwa shanga, kibaba kwa waya wa shaba,
na aliyejaribu kuchukua bure
alijifunza kwamba mundu haukati majani tu.
Ndivyo alivyonisimulia nyanya yangu Wambaire,
ambaye hakuwapo,
lakini alisimulia kama mtu anayedai deni.

Kisha wakaja Waskoti, wakajenga ng'ambo ya bonde.
Ndimi zetu zilijaribu jina lao, zikateleza,
zikatua Thogoto.
Jina likabaki pale, wenyewe wakaenda zao.
Waliacha kanisa la mawe, hospitali,
na mizani ya chuma aliyoinunua babu
siku walipouza vyombo vyao vikuukuu,
kwa kondoo mmoja na nusu.
Hiyo nusu ina ugomvi hadi leo.

Kwenye kitako chake pameandikwa jina la mji.
Kutu imelila. Zimebaki K na R,
kisha kitu kama O, au ni kovu.
Nimelisugua kwa jivu, nimelipaka mafuta ya taa:
mji umekataa kujitaja.

Basi nimeujenga mwenyewe.
Asubuhi za Julai, ukungu ukilalia mabati,
malori ya Kajiado yakishusha ng'ombe machinjioni
na Parsaloi akiwahesabu kwa kuwagusa mgongo,
nauona: barabara moja ndefu, mvua isiyo na haraka,
mwanamke mwenye mikono mipana kama yangu
anapima manyoya ya kondoo.
Mteja anamwambia, Ongeza kidogo, mama,
naye anatazama kando kana kwamba amesikia upepo.
Huko pia, sina shaka, wanaitwa wabahili.
Huko pia wanajibu: hatunyimi, tunapima.

Mwaka jana alikuja mkaguzi wa vipimo,
kijana mwenye viatu visivyojua damu ya machinjioni.
Aliweka jiwe lake, akaweka langu, akakunja uso.
Mama, mizani yako inadanganya.
Soko zima likanyamaza; hata mwenye kunoa visu
aliinua mguu kwenye pedali.
Inadanganya gramu kumi, akasema,
akachelewa kidogo, kama anayeona haya,
inakuibia wewe.

Akapindua sahani ya mawe.
Chini yake, imegandishwa kwa lami,
senti kumi ya zamani, ile yenye tundu.

Wambaire.
Aliyeokota punje moja moja chini ya meza,
aliyetupiga kwa kumwaga,
aliyezikwa na sifa ya uchoyo iliyofika hadi Limuru.
Miaka hamsini, kila pimo,
punje kadhaa za njahi zilimtoka kimya kimya
zikaingia sufuria za watu waliomsema.

Kijana akaibandua, akanikabidhi kiganjani.
Akagonga mhuri wake. Mizani ikawa ya haki.

Jumatano iliyofuata alikuja mzee Gathogo,
haoni vizuri, huamini mkono kuliko macho.
Akashika mfuko wake wa kilo moja,
akaupandisha, akaushusha,
akasimama hapo mpaka foleni ikaguna.
Kumbe, akasema,
leo ndiyo siku Wambaire amekufa.

Senti sikuirudisha. Sheria ni sheria,
na mhuri nimeulipia.
Ila mizani ikishatulia, sindano ikikaa katikati,
vidole vyangu hurudi guniani vyenyewe,
hudondosha kitu mfukoni mwa mtu,
nami hutazama kando, kule ng'ambo ya bonde,
kana kwamba nimesikia upepo.