Hazikufika Gramu Tisa

Kwetu Villa Quebracho timu haishuki daraja kwa mwaka mmoja mbaya.
Inashuka kwa wastani:
pointi za misimu mitatu, jumlisha, gawanya kwa mechi,
kinachobaki ndicho ulicho.
Baba aliipenda hesabu hiyo. Muuza nyama,
aliipiga kwa penseli ya sikioni
kwenye karatasi ya kufungia mbavu,
na wateja walirudi makwao na msimamo wa ligi
umelowa damu ya ng'ombe.

"Mwaka mmoja humdanganya mtu," alisema.
"Mitatu, hapana. Mitatu ni mizani."

Mwaka juzi: arobaini na saba.
Mwaka jana: arobaini na tatu.
Mwaka huu, kabla ya Jumapili, thelathini na tisa;
mwendo wa mgonjwa anayeshuka ngazi
akipapasa ukuta.

Baba aliiona hiyo arobaini na saba tu.
Ligi ilikwisha Novemba, naye akaisha Novemba.
Duka langu sasa, penseli yangu.

Los Teros, waliopanda mwaka jana,
wana themanini na sita kwa misimu yao miwili.
Mmoja wetu anashuka.
Tukishinda, wao wasishinde.
Tukitoka sare, wao wafungwe.
Tukifungwa sote, nimegawanya mara nne kwa mkono,
tunalingana hadi tarakimu ya mwisho,
kama mapacha wanaogombea shati moja.

Jumapili mpira ulikuwa mbaya, niseme ukweli.
Ibarguren golini alitambaa kwenye tope
kama aliyeangusha kifungo.
Sisi sifuri, wageni sifuri,
na Nélida kwenye ngazi ya tatu, redio shavuni,
mkono mmoja hewani ili tunyamaze.
Dakika ya themanini na moja akakunja vidole vyote, akabakiza kimoja.
Los Teros wamefungwa.
Hatukushangilia. Tuliogopa
kelele zetu zisije zikaufikia mpira wa huko.

Filimbi yetu. Kisha, baada ya muda ambao sitaki kuurudia,
filimbi yao.

Sikwenda kucheza ngoma barabarani.
Nilifungua duka, nikawasha taa moja,
nikakata mafuta kidogo kidogo juu ya mizani.
Sisi: moja nukta moja nne sifuri.
Wao: moja nukta moja tatu mbili.
Geuza kilo kuwa gramu, toa:
hazikufika tisa.
Kipande ambacho mteja hakioni
na paka wa jirani hakishukuru.

Ndipo nikaikumbuka Agosti ya mwaka juzi,
mvua ya baridi, tumefungwa mbili kufikia mapumziko,
watu wakaondoka wakitukana mabuti yao.
Baba alijifunika aproni ya plastiki, akakohoa, akakaa.
Dakika za mwisho tukarudisha moja, tukarudisha ya pili.
Sare. Watazamaji kumi na wawili na mbwa.
Nikamwambia, pointi moja ya nini, Baba,
na sisi tuko katikati ya jedwali,
hatupandi, hatushuki?
Akalamba ncha ya penseli.
"Iandike tu."

Bila ile, Jumapili tulikuwa mapacha.

Februari msimu mpya unaanza,
na kanuni ni kanuni: mwaka juzi unaondoka kwenye hesabu.
Arobaini na saba zake zote,
pamoja na ile ya mvua,
zitafutwa na karani wa shirikisho asiyemjua.
Tutabaki na mwaka jana, mwaka huu,
na sifuri.

Alhamisi alikuja Anselmo, shemeji yangu,
mtu wa Los Teros, anayetuletea ndama.
Jumatatu hakuleta. Jumatano hakupokea simu.
Alisimama mlangoni bila kuvua kofia.
"Gramu ngapi?" akauliza.
"Nane nukta nane."
Akatazama mizani, akanitazama mimi,
akaenda kuwashusha ndama.