Alama ya Maji

Ukitaka kujua nyumba ya Bonde la Msimbazi ilizama kiasi gani,
tazama ukutani: pana mstari wa kahawia,
juu yake rangi, chini yake habari.

Nyumba yangu ipo Tabata Kimanga, kwenye mwinuko.
Mafuriko hayajawahi kutufikia,
lakini mstari ninao.
Unaanzia mlangoni, usawa wa kitasa,
unapita sebuleni, unazunguka jikoni.
Chini yake vidole vya maandazi,
penseli, uji, stika ya twiga isiyobanduka
(nimejaribu mafuta ya taa, nimejaribu ndimu).
Juu yake ile rangi niliyoichagua siku nne
kwenye kitabu cha sampuli pale Kariakoo,
muuzaji akiniambia, "Dada, hizi zote ni nyeupe."
Hazikuwa zote nyeupe.
Moja ilikuwa ya tui la kwanza,
nyingine ya tui la pili.
Nilichukua la kwanza.

Basi vitu vyangu vimehama, vimepanda
kama watu wa mabondeni wanavyopandisha magodoro:
chungu cha Kisarawe juu ya kabati,
birika la shaba la bibi juu ya friji,
mkeka wa ukili, uliokuwa wa sakafuni,
sasa unaning'inia ukutani, wageni wanausifia.
Pazia la kitani nimelipiga fundo kiunoni,
linasimama dirishani
kama mwanamke aliyekunja kanga avuke dimbwi.

Kochi ndilo halikuweza kupanda.
Fundi Mahimbo wa Keko alilichonga kwa mninga,
akaniuliza mara mbili: "Kitambaa cheupe? Una watoto wangapi?"
Nikasema wawili.
Akaandika kwenye daftari kitu ambacho hakunionyesha.
Alipolileta, ndani ya nailoni mlikuwa na kifuniko cha pili,
rangi ya chai ya rangi,
hakudai hata senti.
Nilikasirika wiki nzima.
Wiki ya pili nikakitandika.

Ambokile anasema, subiri, watakua.
Najua. Nimepiga hesabu.
Lusajo anaongezeka vidole vinne kwa mwaka,
mstari unapanda naye;
utafika kwenye swichi, utafika kwenye saa,
halafu siku moja maji yatakupwa
na sebule itakuwa kavu, kila kitu mahali pake,
foronya zimenyooka, chungu kimeshuka mezani,
na mimi katikati
nimeshika kitambaa cha kufutia.
Nikifika hapo kwenye hesabu
huwa naenda kuosha vyombo.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu,
nimekuta viatu vyote vya nyumba hii vimetoka kwenye rafu
(rafu nimeichora mwenyewe, matundu kumi na sita)
vimepangwa foleni moja kutoka mlangoni hadi kwenye kochi.
Ncha mbele, kisigino nyuma, hakuna kilichopinda.
Buti la Ambokile ni lori la saruji.
Raba za Lusajo ni bajaji.
Viatu vyangu vya kazini, vyeusi, ni wa tisa,
nyuma ya ndala iliyokatika mkanda.
"Usiguse," Tusa akasema.
Amesimama juu ya kochi, mguu mmoja una uji.
"Pantoni haijarudi kutoka Kigamboni."

Ofisini natakiwa saa mbili.
Nikautazama ule mstari.
Mimi ninayetembea na futikamba kwenye pochi
nisingeweza kuunyoosha zaidi.
"Inarudi lini?"
Akachungulia dirishani, chini ya lile fundo,
kama mtu aliyeajiriwa kuchungulia.
"Ipo katikati ya maji."
Halafu akanyoosha kiganja: "Nauli."

Nikapekua, nikampa mia mbili,
nikasimama peku kwenye sebule yangu,
nafasi ya kumi.